Hai Baraka, Marehemu Misisi

Studio yetu pale Baraka, mji mdogo wa kando ya ziwa, ilikuwa na chumba kimoja, kamera mbili, na pazia kubwa lenye picha ya maporomoko ya maji ambayo hakuna aliyejua yako nchi gani. Tulipiga harusi, ubatizo, na mazishi ya watu wenye jamaa ng'ambo. Mimi nilishika kamera ya pili. Ya kwanza aliishika patron, bosi wetu, kwa sababu ndiye aliyezinunua zote mbili.

Mwaka mmoja mvua ziliharibu harusi nyingi, na patron akaniambia niandike kitu kidogo cha kuigiza ili kamera zisikae bure. Huku kwetu mchezo wa namna hiyo tunauita teatre, hata ukionyeshwa kwenye televisheni. Nikaandika nilichokijua. Nilikuwa nimekaa miaka minane kwa mama mkwe wangu, sisi wawili tukipikia mbabula moja, na mtu aliyegombania jiko la makaa na mama wa mumewe kwa miaka minane hana haja ya kubuni. Teatre ikaitwa Mbabula Moja.

Haikuwa na mambo mengi. Mama Mukwe aliigizwa na mama mmoja mshonaji, mwimbaji wa mbele katika kwaya ya kanisa lake, mwenye sauti iliyoweza kusema asante ukahisi umetukanwa. Mkamwana wake aliigizwa na binti mmoja mwalimu wa shule ya msingi. Huyo kipaji chake kilikuwa kunyamaza. Aliinama kupuliza makaa na mgongo wake ukasema yote. Mume wa nyumba hiyo aliigizwa na dereva wa pikipiki. Kazi yake ilikuwa kuingia, kuuliza kama chakula kiko tayari, na kutoka.

Tuliionyesha Jumamosi mchana katika kibanda cha video karibu na soko. Televisheni ndogo ya mjini nayo iliirusha siku ambazo paneli zake zilipata jua, na baada ya hapo watu walihamishiana kwa simu. Sehemu ya tatu ilihusu mfuniko wa sufuria uliopotea. Kwa dakika ishirini na tano hakuna kingine kilichotokea ila kutafuta mfuniko. Soko likagawanyika. Muuza ndagala mmoja, yaani dagaa wa ziwani, alikataa kumuuzia mshonaji wetu, akasema mtu anayeficha mfuniko wa mwenzake akanunue kwingine. Wa meza ya pili akamwongezea kipimo, maana naye alikuwa na mkamwana.

Tulifika sehemu ya kumi na moja hivyo hivyo. Ningeendelea mpaka leo.

Kisha patron akaenda Bukavu kwenye semina ya watu wa filamu. Alikaa siku tano, akarudi amekonda kwa ajili ya barabara, na amebeba neno moja. Alitukusanya kwenye kibaraza cha mshonaji, ambaye hakuacha kushona.

"Sasa hatufanye tena teatre," patron akasema. "Tutafanya univers."

Mama mshonaji alitoa pini mdomoni. "Univers njo nini?"

"Njo mateatre mingi yenye iko dunia moja. We unapika hapa Baraka. Kaka yako iko Misisi, anauza zahabu, iko na teatre yake. Mutoto wa dada yako iko muvuvi Lweba, naye iko na yake. Muntu wa huku anaweza kutokea kule. Bote banajuana."

Mama akafikiri kidogo. "Patron, hiyo si univers," akasema. "Hiyo ni jamaa. Kila muntu iko nayo."

Lakini patron alikuwa ameshawasha moto ndani yake. Aligeuza lile pazia la maporomoko, akachukua kalamu nene, akachora upande wa nyuma. Mbabula Moja katikati, mishale ikitoka kwenda Misisi, Lweba, Swima, na mmoja ukipanda milimani kwa wafugaji. Wino ulipenya. Maharusi wote waliopiga picha mwaka huo wana mishale inayopita nyuma ya vichwa vyao, na bibi harusi mmoja ana neno SWIMA juu ya shela.

Mimi alinipa cheo. Kwa kuwa ndugu wote hao wangeandikiwa na watu mbalimbali, alitaka mtu mmoja wa kuhakikisha kwamba hawapingani. Akaniita Responsable, yaani msimamizi, wa Ukweli. Nilipewa rejista ya shule yenye jalada gumu, niandike humo kila mtu wa univers yetu, umri wake, ndugu zake, na kila alichowahi kusema. Habari ilitembea haraka. Nikienda sokoni wananiuliza, "Responsable, hii mihogo iko ya kweli?" Nilicheka wiki ya kwanza.

Teatre ya Misisi ilipewa shemeki wa patron, yaani kaka wa mkewe, ambaye alikuwa na duka la kutengeneza simu kule kwenye machimbo. Makubaliano yalikuwa kwamba kabla ya kuonyesha chochote, atume kwangu kadi ya kumbukumbu yenye video niitazame. Kadi ilitumwa kweli. Dereva mmoja wa lori aliifunga ndani ya soksi, akaondoka Misisi Jumapili, akakuta daraja limeharibika, akalala njiani, halafu barabara ikafungwa kwa mambo ya askari. Ilinifikia Ijumaa ya wiki ya pili. Kule Misisi walikuwa wameshaitazama mpaka wamechoka.

Nilifungua kompyuta. Mfanyabiashara wa dhahabu, kaka wa Mama Mukwe, amekaa kwenye kiti cha plastiki mbele ya duka. Anakuja mtu wa pikipiki, anamwambia dada yake wa Baraka amefariki. Yule mfanyabiashara akalia kwa dakika kumi na moja.

Nikampigia shemeki simu. "Shemeki, mbona mumeua Mama Mukwe?"

"Tulikuwa na lazima alie," akasema, bila kuona haya. "Ule muntu analia muzuri sana. Tulimwambia polisi bamemukamata mutoto yake, hakulia. Tulimwambia muke amemukimbia, hakulia. Kumwambia tu dada yake amekufa, akalia mupaka betri ikaisha."

"Lakini Mama Mukwe iko muzima. Iko hapa, anapika."

"Kwenu, ndiyo," akasema. "Kwetu tulishamuzika."

Kesho yake asubuhi nilitumiwa mtu kwamba niende haraka kwa mama mshonaji, kuna wageni. Nilikuta wanawake sita na wanaume wawili kutoka Misisi, waliokuja Baraka kununua samaki. Walikuwa wameuliza nyumbani kwa marehemu, na kila waliyemuuliza aliwaonyesha njia. Wakamkuta marehemu nyuma ya cherehani anashona kaptula za wanafunzi. Hawakurudi. Walivua viatu, wakatandika mkeka, wakakaa kimatanga.

"Bamama," nikawaambia, "mama iko muzima. Munamuona."

Aliyekuwa mkubwa wao aliniangalia kwa upole. "Tunamuona, mwanangu. Tuko na macho. Lakini sisi kule tulilia, na kweli tulilia. Machozi yetu tuipeleke wapi?"

Nilimtazama mama mshonaji, nikidhani atakasirika. Yeye aliondoa mguu kwenye pedali, akanyoosha kitenge, akaja kukaa nao kwenye mkeka. Mmoja wao akaanza wimbo wa matanga, akaukosea, na mama, ambaye hakuweza kuvumilia wimbo ukikosewa, akaushika yeye mwenyewe. Akajiimbia beti zote. Majirani wakaingia, na wengine waliokuwa wakipita tu wakavua kofia. Walikaa hivyo hadi saa sita, kisha wakaacha unga wa muhogo, sukari, na kuku aliyefungwa miguu, wakaenda kununua samaki wao.

"Utairudisha rambirambi yao?" nikamuuliza mama tulipobaki wawili.

"Nitairudisha namna gani? Nitabaambia nimefufuka?" Akamfungua kuku miguu. "Baliniimbia muzuri. Alto yao iko na nguvu kuliko yetu."

Patron aliposikia hakusikitika hata kidogo. Alisema univers imeanza kushika. Akaniagiza nirekebishe: niandike kwamba Mama Mukwe alikuwa na pacha, na aliyekufa ni yule pacha. Niliona ni akili nzuri. Nikaandika.

Jumatatu alikuja studio mwanamke mmoja wa mtaa wetu, mama wa mapasa, kama tunavyowaita pacha. Kwetu Wabembe mapasa hawaingii duniani kimyakimya; wana majina yao, nyimbo zao, na wazazi wao huheshimiwa kwa ajili yao. Alikaa bila kukaribishwa.

"Nilisikia Mama Mukwe alikuwa na pasa mwenzake," akasema. "Mbona hakumutaja? Sehemu ya ine alisema kwabo hakuna mapasa. Nilisikia na masikio yangu."

Nikafungua rejista. Ilikuwa kweli, nilikuwa nimeandika mwenyewe.

"Nani alitangulia kuzaliwa?" akauliza. "Na nyimbo zilichezwa wapi? Batu banazaa mapasa kiisha bananyamaza?"

Basi ikabidi kuwe na sehemu nzima ya kueleza. Mama Mukwe alikaa kwenye kiti akasimulia utoto wake na sababu za kumficha pacha wake, na sababu hizo zilihitaji shangazi, na shangazi alihitaji ugomvi wa zamani. Wageni wakawa wanaingia mmoja mmoja kuongeza habari. Mbabula haikuwashwa. Yule binti mwalimu, mkamwana, alisimama mlangoni, na kila mgeni alipofika alisema, "Karibuni." Hayo ndiyo maneno yake yote katika sehemu hiyo, na katika mbili zilizofuata.

Watazamaji wa Baraka ambao hawakuona kadi ya Misisi hawakuelewa matanga yanatoka wapi. Wale wa Misisi walioona sehemu ya pacha walielewa vibaya zaidi. Wao walishikilia kwamba aliyekufa ndiye Mama Mukwe wa kweli, na huyu anayeonekana Baraka ni pacha aliyechukua nyumba ya mwenzake. Shemeki hakuwapinga. Alisema kwamba hiyo ni tamu kuliko ya kwetu.

Wakati huo Lweba na Swima nao walikuwa wanapiga zao. Hadithi ilikuwa moja: mvuvi wa Lweba, mwana wa dada wa Mama Mukwe, anaoa, baadaye ndoa inaharibika, na jaji wa Swima anaivunja. Lweba ilitakiwa itangulie. Lakini waigizaji wa Lweba walikuwa wavuvi wa ndagala kweli, na wavuvi wa ndagala hupumzika tu mwezi ukiwa mkubwa, maana taa zao hazivuti samaki kwenye mbalamwezi. Kwa hiyo walipiga siku chache kila mwezi. Swima walimaliza kwanza. Talaka ikatoka wiki tano kabla ya harusi.

Mfugaji mmoja wa milimani, ambaye familia yake ilileta maziwa mjini, alikuwa amekubali kuigiza mtu anayemuuzia mvuvi ng'ombe wa mahari. Alikuwa mtu makini sana, na ng'ombe alikuwa wake kweli. Alishuka naye hadi Baraka, tukaweka kamera, na alipofika mahali pa kukabidhi kamba akasimama.

"Siwezi," akasema kwa Kiswahili chake cha taratibu. "Niliangalia ile ya Swima. Hii ndoa imekwisha kuvunjika. Ng'ombe yangu itatoka kwa kitu chenye hakiko?"

Nikamwonyesha rejista, kwamba kwa mpangilio wetu harusi ni mwezi wa sita na talaka ni mwezi wa kumi na moja. Alisoma mistari yote kwa kidole, akafunga daftari kwa heshima, akanirudishia.

"Nimesoma," akasema. "Lakini niliona kwa macho." Akampandisha ng'ombe wake mlimani. Harusi ya Lweba ilifungwa kwa mbuzi wawili.

Na mfungishaji wa harusi hiyo ndiye aliyenipa siku ngumu kuliko zote. Alikuwa mtu mzima mwenye duka la misumari na mabati, shemasi kanisani kwake, na alikuwa na suti nyeusi iliyomkaa vizuri. Katika eneo letu suti ya namna hiyo haikosi kazi. Lweba walimwomba awe mchungaji. Swima, bila kuwauliza Lweba, walimwomba awe jaji. Aliona ni huduma, akakubali pote.

Kamati ya kanisa lake ikamwita. Naye akaniomba nimsindikize kama shahidi, nije na rejista. Tulikaa alasiri moja katika chumba kidogo nyuma ya kanisa. Mwenyekiti alikuwa mama mmoja mwenye miwani, na kando yake kijana wa kuandika. Mchungaji wa kweli alikaa pembeni, akitazama mikono yake.

"Shemasi," mwenyekiti akasema, "kule Lweba ulifungisha ndoa. Kule Swima ukaivunja. Mbele ya Mungu uko upande gani?"

"Mama, ule wa Swima iko juge. Si mimi."

"Koti ni ile ile."

"Koti ni ile ile, ndiyo," shemasi akakubali.

Wakanigeukia. Nikafungua rejista, nikasoma kwa sauti: mchungaji wa Lweba, miaka hamsini na tano, ana watoto saba, hajawahi kufika Swima. Jaji wa Swima, miaka sitini, mjane, hamjui mchungaji. Yule mwandishi wa kamati aliandika yote.

"Habajuane," mwenyekiti akasema.

"Habajuane, mama."

"Na si ndugu?"

"Si ndugu."

"Basi mbona banafanana hivyo?"

Nilikuwa nimejibu maswali mengi miezi hiyo, lakini hilo sikuwa nimejiandaa nalo. Nikasema Mungu anaweza yote. Mchungaji wa kweli aliinua macho, akaniangalia kwa mara ya kwanza, akayashusha tena.

Walijadiliana kwa muda mrefu. Uamuzi wao ulikuwa kwamba shemasi hana kosa, na mchungaji wa Lweba hana kosa, lakini yule jaji amevunja alichounganisha Mungu na anapaswa kutubu. Basi Jumapili iliyofuata jaji alikwenda mbele ya kanisa, akapiga magoti, akaombewa na wazee watatu. Alipomaliza kuombewa akasimama, akavua koti, akachukua kikapu na kuanza kukusanya sadaka, kwa sababu ilikuwa zamu ya shemasi.

Nilimweleza patron kwamba mambo yanatushinda. Nilimwambia rejista ya kwanza imejaa na niko nusu ya pili, na kwamba sasa naandika zaidi juu ya watu walivyo kuliko wanachofanya. Alinisikiliza. Hakuwa mtu mbaya, na katika miaka yangu yote pale hakuwahi kunipandishia sauti. Akasema, "Njo maana tunafanya ile kubwa."

Ile kubwa ilikuwa sehemu ya mkutano. Watu wote wa univers wangekutana siku moja, mahali pamoja, na kila jambo lingepata jibu. Alituma habari kila upande. Wakaja Baraka watu wapata arobaini, wa Misisi kwa pikipiki wakiwa na vumbi mpaka kwenye kope, wa Lweba na Swima kwa mitumbwi ya injini. Tukajibana kwenye ua wa mama mshonaji, ua uleule tuliotafutia mfuniko wa sufuria.

Tulianza saa mbili asubuhi. Kila kundi lilitaka mtu wake aingie wa mwisho, kwa kuwa patron alikuwa amesema kwamba aliye mkubwa huingia wa mwisho. Hivyo hakuna aliyetaka kuingia. Kila aliposukumwa mtu akaingia, kundi lake lilisema halikubali, na tukarudia. Mlangoni alisimama yule binti mwalimu. Alimwambia kila aliyeingia, "Karibuni," na kila tuliporudia alirudia. Nadhani siku ile alilisema neno hilo zaidi ya mara sitini. Hakulikosea hata mara moja.

Kisha yule mfanyabiashara wa dhahabu, mliaji wa Misisi, akasimamishwa mbele ya dada yake. Alitakiwa amkumbatie.

"Huyu njo nani?" akaniuliza. "Iko mwenye alikufa, ama mwenye alibakia?"

"Mwenye alibakia," nikasema. "Njo Mama Mukwe."

"Kwetu Mama Mukwe alikufa. Nilimulilia. Nikimukumbatia huyu, batu ya Misisi batasema niliuza dada yangu."

Shemeki alimuunga mkono. Patron akasema amkumbatie nusu. Wakaanza kubishana nusu ni ipi. Katikati yao mama mshonaji, aliyekuwa amesimama juani tangu asubuhi akiwa na kitambaa cha matanga kichwani, akanivuta mkono. "Mwanangu, angalia mu rejista," akasema. "Mi mwenyewe sijui tena."

Nilianza kutafuta ukurasa. Hapo ndipo tuliposikia sauti kutoka mlangoni, si kubwa.

"Patron. Mi niko muntu, ama niko mulango?"

Alikuwa yule binti. Sikumbuki kama nilikuwa nimewahi kumsikia akiuliza kitu. Watu arobaini wakageukia mlangoni.

Patron alifikiri. Nina hakika alitaka kumjibu vizuri. "We uko muntu wa maana sana," akasema. "Bila we, bo bote batapita wapi?"

Binti aliitikia kwa kichwa, kama mtu aliyepewa bei na ameielewa. Akafungua kitenge cha maigizo alichokivaa juu ya nguo zake, akakikunja mara nne, akakiweka juu ya stuli, akatoka. Tulimwona akipita nyuma ya uzio wa matete, kichwa chake tu, mpaka kona ya barabara. Patron alimsimamisha yule dereva wa pikipiki mlangoni aseme "Karibuni," na tukaendelea hadi mvua ilipotukimbiza.

Sehemu hiyo ilionyeshwa Jumamosi tatu. Kwa kuwa ilihitaji mtu awe ameona kadi zote nne, tena kwa mpangilio ambao hazikutoka, patron alining'iniza pazia la mishale kando ya skrini, akanipa fimbo nisimame pale nieleze. Nilieleza. Watu walikuwa wakisimamisha video ili waulize. Jumamosi ya pili waliuliza zaidi kuliko walivyotazama, na ya tatu kuna kikundi kilichoomba video izimwe kabisa ili wanisikie vizuri. Walitaka kujua kama watoto wa pacha wana haki kwenye kiwanja, na kama yule jaji, baada ya kutubu, hukumu zake za zamani bado zinafanya kazi. Nilijibu yote. Nilikuwa nimekuwa hodari wa kujibu.

Ndipo yule muuza ndagala, aliyegoma kwa ajili ya mfuniko, akainua mkono. "Na ule mukamwana," akasema. "Iko wapi?"

Nikafungua rejista. Mama Mukwe alikuwa na kurasa kumi na nane. Pacha wake, ambaye hakuwahi kuonekana, alikuwa na kurasa sita. Mbuzi wa mahari walikuwa na nusu ukurasa. Mkamwana alikuwa na mistari miwili: miaka ishirini na miwili, yuko mlangoni. Mwandiko ulikuwa wangu. Nilisimama na fimbo mkononi, watu wakanisubiri, na nikawaza juu ya miaka yangu minane katika ile nyumba, na jinsi nilivyoanza kuandika teatre hii kwa sababu ya mwanamke huyo hasa.

"Sijui," nikawaambia.

Muuza ndagala alichukua stuli yake, akaondoka. Wengine walimfuata, si wote.

Univers haikufa siku moja. Misisi waliendelea na yao, na nasikia Mama Mukwe ana kaburi zuri la saruji katika sehemu ya ishirini. Lweba walirudi kuvua. Shemasi aliombwa awe gavana katika mchezo wa watu wengine, akakataa kwa barua. Mama mshonaji alisema hawezi kuigiza tena mpaka aambiwe kwa hakika yeye ni nani, na hakuna aliyeweza kumwambia, akabaki na cherehani na kwaya yake. Patron akaanza kuzungumzia univers mpya kule Kalemie. Mimi nilimrudishia rejista zote mbili, nikamwomba nishike kamera ya pili tu.

Mwaka uliofuata nilitumwa Lweba kupiga picha za ubatizo. Nilifika mapema, nikapita karibu na shule, nikamwona yule binti akisimamia watoto wanaofagia uwanja. Alikuwa amehamishiwa huko. Aliniita yaya, yaani dada mkubwa, kama zamani, akanikaribisha kwenye ngazi ya darasa, tukakaa tukila karanga.

"Yaya, ule muke mi namuwazaka," akasema akimenya karanga.

"Muke gani?"

"Ule wa teatre. Siku ile nilitoka, mi nilienda kwetu. Lakini yeye alienda wapi? Hamukuandika."

"Hatukuandika," nikakubali.

"Basi mi niliwaza. Alienda kwabo Swima, na mutoto mugongoni."

"Hakuwa na mtoto," nikasema. Ilinitoka tu, kwa mazoea ya cheo.

"Alikuwa naye," akasema kwa utulivu. "Hamukumuuliza."

Akaendelea. Alisema yule mwanamke alifika kwao jua likiwa bado juu, mama yake akampa maji ya kunawa miguu na hakumuuliza kitu. Kesho yake akaenda kuanika ndagala na dada zake, na mikono yake ilikuwa imesahau kidogo, ikakumbuka. Siku ya tatu akaamka kabla ya wote, akashuka ziwani peke yake, akaoga kwa muda mrefu kwa kuwa hakuna aliyekuwa anamngojea. Alisimulia akitazama watoto na mifagio yao, na mara mbili alinyamaza kumkemea mmoja aliyekuwa akirusha vumbi, kisha akaanza tena palepale alipoachia. Sikumkatiza. Kitu alichokisimulia kilikuwa kimekaa vizuri kuliko vyote nilivyoandika tangu sehemu ya kumi na moja.

"Kiisha?" nikauliza.

"Kiisha sijui. Sijafika hapo."

Akapukuta maganda ya karanga kwenye sketi, akaenda kuwapanga watoto mistari. Nilibaki kwenye ngazi nikiwasikiliza wakianza kuhesabu kwa sauti, na nilichelewa ubatizo. Picha ya kwanza niliyoipata ni ya mtoto aliyekwisha kutiwa maji, analia, na watu wote wanamwangalia mama yake.